Uluguru, Mlima Unaoinywesha Dar es Salaam

Kutoka stesheni ya SGR ya Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilomita zipatazo 200. Tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria tarehe 14 Juni 2024, safari hiyo imekuwa ya chini ya saa 2, na nauli ya daraja la kawaida ilianzia Sh13,000. Wanaozijua foleni za Kimara, Kibaha na Chalinze wanajua thamani ya saa hizo 2. Behewa nililopanda lilijaa wanafunzi wa vyuo, wafanyabiashara waliotoka kufunga mzigo Kariakoo na bibi mmoja aliyempakata mjukuu wake. Tulipoipita Ngerengere, vichwa viligeukia madirisha ya kushoto. Milima ya Uluguru ilikuwa imesimama pale, vilele vimemezwa na wingu. Bibi akamwonyesha mjukuu kwa kidole: kule ndiko kwa mama yako.

Njia hii ni ya zamani kuliko reli. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipita chini ya milima hii, na mwaka 1871 Henry Stanley, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, aliukuta mji wa Simbamwene ukiwa umezungushiwa ukuta, maji ya mto yakipita kando yake. Mji huo ulijengwa na Kisabengo, aliyeiona faida ya kukaa pale ambapo msafara hauna budi kupumzika na kunywa. Reli ya Wajerumani iliyoanzia Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Mashamba ya mkonge yakafuata, kisha, baada ya uhuru, vikaja viwanda.

Katika miaka ya 1970 na 1980 Serikali iliamua kuufanya Morogoro mji wa viwanda: viatu, ngozi, turubai, magunia, nguo. Kiwanda cha viatu, kilichojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, kilipangiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, sehemu kubwa ikauzwe Ulaya. Hakikufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake. Mashine ziliharibika, vipuri havikupatikana, na jengo lenyewe halikupitisha hewa ya kutosha kwa joto la Morogoro. Viwanda vingine vilifungwa, vingine vikabinafsishwa, na maelfu ya watu waliojengewa matumaini ya mshahara wa mwezi wakarudi kwenye jembe, kwenye genge, au kwenye pikipiki.

Watu, hata hivyo, hawakuacha kuongezeka. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu Watanzania milioni 44.9. Ile ya Agosti 2022 ikakuta watu 61,741,120, sawa na ongezeko la asilimia 3.2 kila mwaka. Sensa ya kwanza baada ya uhuru, ya mwaka 1967, ilikuwa imekuta milioni 12.3 tu. Mkoa wa Morogoro ulipanda kutoka watu milioni 2.2 hadi milioni 3.2 katika miaka 10 hiyo, na Manispaa yake ikatoka takriban watu 316,000 hadi 471,000. Zaidi ya asilimia 40 ya Watanzania ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 15. Ukitembea Kihonda jioni, wakati wanafunzi wanatoka shule, huhitaji jedwali la takwimu kulielewa jambo hilo.

Mahali pazuri pa kuuona uchumi wa Morogoro ukifanya kazi ni Soko Kuu la Chifu Kingalu, lililozinduliwa mwaka 2021 katikati ya mji. Alfajiri, kabla jua halijatoka nyuma ya milima, wanawake wanashuka na matenga kichwani: karoti, kabichi, njegere, magimbi, mikungu ya ndizi. Wengine wameondoka nyumbani usiku wa manane. Wanauza kwa jumla, haraka, kwa bei anayoitaja mchuuzi wa mjini, kwa sababu karoti iliyoshushwa kwa miguu haiwezi kupandishwa tena kwa miguu. Kufikia saa 3 asubuhi, mzigo uliokuwa wao umekuwa wa mtu mwingine na bei yake imepanda.

Nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa akikunja tenga lake tupu kama faida inatosha.

“Shamba ni lile lile alilolima mama yangu, mwanangu,” alisema. “Sisi ndio tumekuwa wengi.”

Hakuna mchumi aliyenieleza hali ya mkulima mdogo kwa maneno machache kuliko hayo. Kilimo kinachangia takriban robo ya pato la taifa, lakini ndicho kinachobeba karibu theluthi mbili ya wafanyakazi wa nchi. Julai 2020 Benki ya Dunia iliiingiza Tanzania katika kundi la nchi za uchumi wa kati wa chini. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulikuwa umeonyesha kwamba asilimia 26.4 ya Watanzania wanaishi chini ya mstari wa umaskini. Mambo hayo mawili ni ya kweli kwa pamoja, na Morogoro yanaonekana katika mtaa mmoja.

Yalionekana kwa uchungu Msamvu. Asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka karibu na kituo cha mabasi. Watu, wengi wao vijana, wakiwamo madereva wa bodaboda, walikimbilia kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika. Lori likalipuka. Waliokufa, pamoja na wale waliofia hospitalini Morogoro na Muhimbili katika wiki zilizofuata, walizidi 100. Yalisemwa mengi kuhusu tamaa na ukaidi. Ninayoyasema mimi ni machache: kijana mwenye ajira ya uhakika haweki roho yake rehani kwa dumu la petroli. Vifo vile ni sehemu ya hesabu ya ajira nchini, na wanaopanga ajira wanapaswa kuvikumbuka.

Upande wa pili wa mji, chini kabisa ya mlima, kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kilianzishwa Julai 1984 na kupewa jina la Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, mkoani humu humu, tarehe 12 Aprili mwaka huo. Hapa ndipo shirika la APOPO, lenye asili ya Ubelgiji, linapowafundisha panyabuku kazi ambazo binadamu huzifanya kwa shida. Magawa, panya aliyezaliwa hapa na kupelekwa Kambodia, alifichua mabomu ya ardhini 71 na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu nchini Uingereza.

Lakini kazi inayowagusa Watanzania moja kwa moja ni ya kifua kikuu. Tanzania imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo duniani. Vituo vya afya hupima makohozi kwa darubini, na mgonjwa mwenye vijidudu vichache huweza kuambiwa hana kitu. Sampuli hizo, baada ya kuchemshwa ili vijidudu vife, huletwa kwa panya. Chombo chake ni kisanduku cha kioo chenye matundu 10 sakafuni, na chini ya kila tundu kuna sampuli. Panya anapita, pua chini, masharubu yakitetemeka. Kwenye tundu moja anasimama, anakwangua kwa kucha za mbele sekunde kadhaa, hasogei. Aliyemlea anabofya, panya anapewa ndizi iliyopondwa, na sampuli ile inawekwa kando ikathibitishwe tena maabara. Panya mmoja humaliza sampuli 100 katika dakika 20, kazi inayoweza kumchukua mtaalamu wa darubini siku 4. Vituo vinavyoshirikiana na mradi huu vimeongeza wagonjwa wanaogunduliwa kwa takriban asilimia 40. Kila anayegunduliwa na kuanza dawa ni mtu mmoja ambaye hataambukiza tena nyumba nzima.

Kutoka chuoni, macho hayawezi kukwepa mlima. Lupanga, kilele kinachoutazama mji, kina mita 2,138. Nyuma yake, kusini, Kimhandu kinapita mita 2,600. Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na katika msitu wake wanaishi ndege, vyura na mimea isiyopatikana penginepo duniani. Wajerumani waliutenga msitu huu mwaka 1909. Mwaka 2008 Serikali ikaunganisha misitu ya Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru.

Njia ya kupanda Morningside, nyumba waliyoijenga Wajerumani mwaka 1911, inapita mtoni, kisha katikati ya migomba, kisha katikati ya mashamba yaliyosimama wima kiasi kwamba mkulima huinama kidogo tu na jembe linafika. Tulikutana na wanawake wakishuka, na kila tulipopishana kijana aliyeniongoza alisimama pembeni, akasema shikamoo, akangoja mzigo upite ndipo akaendelea. Ardhi hii ina wenyewe. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, na shamba la ukoo hurithiwa kwa upande huo huo, mjomba akiwa msemaji wake. Utaratibu huo ulimpa mwanamke wa Uluguru mahali pa kusimama ambapo wenzake katika sehemu nyingi za nchi hawakuwa napo. Kinachoutikisa leo ni hesabu: kwa wastani mwanamke wa Tanzania huzaa watoto 4.8, na mlima hauzai. Shamba la bibi limegawanywa kwa binti zake, kisha kwa binti za binti zake, na mpaka wa hifadhi uko pale juu, haukatwi.

Serikali ya kikoloni ya Waingereza ililiona tatizo la mmomonyoko wa udongo mapema. Mwaka 1950 ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na kiini chake kilikuwa matuta ya ngazi. Kila mlipa kodi alipangiwa kuchimba. Asiyechimba alitozwa faini. Watu walichimba huku wakinung’unika, kwa sababu waliyaona kwa macho yao yaliyokuwa yakitokea: udongo wa juu ni haba, na tuta linapokatwa ule mwekundu usio na rutuba huja juu, mahindi yakadumaa. Jasho likawa lao, mavuno hayakuwa ya mtu. Julai 1955, huko Matombo, umati ulikabiliana na maofisa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukatupwa. Chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kikajipatia wanachama milimani.

Hadithi hiyo mara nyingi huishia hapo, kama ushindi wa watu dhidi ya wakoloni. Mgeta inaonyesha upande wake mwingine.

Mgeta iko magharibi ya milima, wilayani Mvomero. Unaifuata barabara ya Iringa hadi Sangasanga, unakata kushoto, unapita Mlali, halafu gari linaanza kupanda kona baada ya kona. Huku juu ni baridi. Mboga za Ulaya, zilizoletwa enzi za Wajerumani, zilikubali: kabichi, karoti, njegere, koliflawa, hata matunda ya peasi na plamu. Na huku matuta ya ngazi yapo. Yamepangwa ubavuni mwa mlima toka bondeni hadi karibu na msitu, na hakuna polisi anayeyalinda. Mkulima wa Mgeta ana maji ya mfereji na ana soko la Dar es Salaam. Tuta lake linashika maji na mbolea, na mbolea inarudisha fedha. Kilichokataliwa kwa fimbo kilikubalika kwa faida.

Nilisimama kwenye shamba moja nikitazama umwagiliaji. Mpira mweusi umeteremshwa kutoka kijito cha juu, bila pampu wala umeme. Mwishoni mwake umefungwa kwenye kijiti, na kipande cha bomba kilichotobolewa kinazunguka kwa nguvu ya maji yenyewe, kikinyunyiza duara la karoti changa. Mwenye shamba anakihamisha kila baada ya muda, tuta hadi tuta. Karibu na nyumba, bandani, walikuwapo mbuzi wa maziwa wa uzao wa Norway, waliofikishwa Mgeta katika miaka ya 1980 kwa ushirikiano na watafiti wa Sokoine. Maziwa yao huingia kwenye kikombe cha mtoto na mbolea yao huingia kwenye tuta. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 3 kati ya 10 wenye umri wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Kikombe hicho, basi, si jambo dogo.

Maji ya mfereji ule hayaishii kwenye karoti. Mto Mgeta unazunguka milima na kuingia Ruvu, na Ruvu inakwenda pwani. Mvua ya miteremko ya mashariki, inayopita milimita 2,500 kwa mwaka, nayo inashukia humo. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku, na ndiyo tegemeo kuu la Dar es Salaam, jiji la watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022. Oktoba mwaka huo huo mvua zilichelewa, mto ukapungua, uzalishaji ukashuka kutoka lita milioni 466 hadi milioni 300 kwa siku, na jiji likaingia kwenye mgao. Watu walikesha na madumu. Serikali sasa inajenga bwawa la Kidunda, litakalohifadhi lita bilioni 190, ili kiangazi kisilikaushe jiji tena. Bwawa ni jambo jema. Lakini bwawa huhifadhi kile kinacholetwa, na udongo nao huletwa. Bwawa la Mindu, linaloihudumia Manispaa ya Morogoro, limekuwa likipokea tope mwaka hadi mwaka kutoka kwenye miteremko iliyoachwa wazi.

Kwa hiyo mkulima wa juu na mnywaji wa chini wamefungwa kamba moja. Mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalianzisha jaribio Kibungo Juu, mashariki ya milima. Wakulima walichimba makingamaji, wakapanda miti na kuchanganya mazao, na wakalipwa kulingana na kazi. Upande wa wanunuzi walikuwapo DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji Dar es Salaam wakati huo, na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza. Yale yale yaliyomwaga damu Matombo mwaka 1955, wajukuu wa wale wale waliyafanya kwa hiari. Tofauti ni kwamba safari hii aliyefaidika na jasho alilipia.

Mradi ulikuwa na ukomo, kama miradi yote. Mahitaji hayana ukomo, na la kwanza kati yake ni afya. Kitaifa kuna habari njema: vifo vya wajawazito vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Nyuma ya tarakimu hiyo kuna wakunga, vituo vya afya vipya vyenye vyumba vya upasuaji, na mpango wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022. Mama akizidiwa, mhudumu anapiga namba 115 bila malipo. Gari la wagonjwa likikosekana, dereva wa kijijini aliyesajiliwa anaitwa na kulipwa kwa simu.

Milimani, hata hivyo, dereva anaishia barabara inapoishia. Kutoka vitongoji vya juu, mama mwenye uchungu bado hushushwa kwa machela iliyofungwa kwa miti na mashuka, mabegani mwa vijana, kwenye njia ile ile ya matenga ya karoti. Mvua za masika zikinyesha, njia inakuwa utelezi. Katika vijiji kama hivi, kilomita 5 za barabara inayopitika mwaka mzima ni dawa, ni bei bora ya karoti, na ni mwalimu anayekubali kubaki.

Utaratibu wa kuirudisha fadhila ya mlima haupo mbali. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake hapa hapa Morogoro, hutoza ada za matumizi ya maji kwa mujibu wa sheria. Jumuiya za watumia maji zinaweza kuundwa kijito kwa kijito. Panya wa Sokoine wameonyesha kwamba Morogoro inaweza kuibua jibu lake yenyewe, na matuta ya Mgeta yameonyesha hivyo hivyo. Kinachotakiwa ni sehemu ya ada hiyo, iliyotajwa wazi na kukaguliwa wazi, ipande mlimani kila mwaka: kwa mkulima anayetunza tuta na mti, kwa zahanati, na kwa barabara ya kumfikia. Ombi langu kwa Wizara ya Maji, kwa Bodi na kwa DAWASA, inayosambaza maji Dar es Salaam leo, ni hilo moja. Na kwa msomaji wa Tabata, Temeke au Mbezi: ankara yako ya maji itakapofika mwezi ujao, waulize wanaokuletea ni shilingi ngapi kati ya hizo zinarudi Uluguru.